Kutoka Zanzibar hadi Matema: jinsi nilivyoacha kutetemeka majini

Zanzibar nilikuwa napiga mbizi hadi hewa iishe nikiwa na suti fupi ya kuzamia, ya mpira wa unene wa milimita 3. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa wilayani Kyela, mwezi wa Julai nusu ya mtungi wa hewa haijafika meno yanagongana. Watu hushangaa, eti Kyela kuna joto. Kyela sawa, ila msimu huo maji ya Ziwa Nyasa hushuka hadi nyuzi 24 hivi, na ukitoka upepo wa kusini unakumalizia.

Dawa ya baridi ni suti ndefu ya milimita 5, inayobana shingoni na kwenye vifundo vya mikono, pamoja na kofia ya mpira. Glavu niliziacha.

Kazi ilikuwa kwenye uzito, yaani vipande vya madini ya risasi vya mkandani vinavyomsaidia mzamiaji kuzama. Suti nene inakuinua zaidi, lakini maji yasiyo na chumvi yanakuinua kidogo kuliko bahari, kwa hiyo hesabu ya Zanzibar haifai. Nilipima palepale ufukweni: mtungi karibu kwisha, jaketi la kuelea halina hewa, pumzi ya kawaida nimeishikilia. Nikawa naongeza kipande kimojakimoja mkandani mpaka maji yakafika usawa wa macho. Nikashusha pumzi, nikazama taratibu. Basi, hiyo ndiyo.

Kubwa zaidi ni kurudi nyumbani. Matema iko mita zisizofika 500 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Mbeya inapanda kupitia Tukuyu na kuvuka mita 2,000. Naitrojeni ya hewa ya mtungi iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu huko juu, ambako mgandamizo wa hewa ni mdogo. Siku hizi nalala Matema, nakaa saa 18 tangu nitoke majini, kama mzamiaji anayesubiri kupanda ndege, ndipo nawasha gari. Shemeji yangu wa Uyole analalamika samaki wake wanachelewa.