Mwarobaini ulinitoa upele, nusura unitoe na roho

Upele ulikuja na mjukuu wangu kutoka bweni. Wiki chache tu, nyumba nzima tunajikuna usiku kama tuliomwagiwa upupu. Mwarobaini ninao uani, hapahapa Tanga, basi jirani yangu akaniamulia: "Shoga, chemsha majani unywe, bilauri asubuhi, bilauri jioni. Damu ikisafika, upele utakimbia wenyewe. Mitishamba haina madhara."

Nikanywa. Siku ya tatu alfajiri jasho likanitoka jembamba, mikono ikatetemeka, macho yakaingia kiza. Mimi nina kisukari, vidonge vya kushusha sukari nilishameza, kumbe na mwarobaini nao unashusha! Niliokolewa na kikombe cha chai, sukari vijiko vitano. Muuguzi wa zahanati alinisema mpaka nikatazama chini: "Mama, hizo dawa mbili zinafanya kazi moja." Na upele ulikuwa palepale.

Aliyenifungua macho ni mama wa Kihindi muuza viungo. Kwao India ndiko mti ulikotoka, wanauita nim, na waganga wa Ayurveda, tiba yao ya jadi, wanautumia tangu enzi, kabla sisi hatujausifu kwa maradhi arobaini. Upele, akasema, ni vidudu ndani ya ngozi, damu haina kosa. Majani mabichi viganja vinne, manjano mabichi kiganja kimoja, twanga mpaka yawe kama uji mzito, jipake.

Nikampaka mtoto peke yake. Ujinga mtupu! Alipona, kisha sisi tukamrudishia. Mara ya pili tukajipaka wote, shingoni hadi nyayo, hata babu yao aliyekuwa akiapa hawashwi huku akijikuna mgongo ukutani. Ungetuona! Ukoo mzima wa njano kama mabibi harusi wa singo. Nguo na shuka tukachemsha zote. Ile nyeupe ya wageni mpaka leo ina rangi ya biriani. Siku kumi hivi zikatosha, na pesa iliyotoka ni ya manjano tu, elfu mbili tatu.

Binti yangu mjamzito sikumgusa, alikwenda kupewa dawa zahanati. Na mafuta ya mbegu za mwarobaini mtoto asinyweshwe hata tone, yanaweza kumtia degedege.

Jana shoga kaja kuomba majani. Sikumpa mpaka aliponijibu: ya kunywa, au ya kupaka?