Pu-erh yangu imeacha kunuka uvundo, hapa Mtwara

Hatimaye nimepumua. Pu-erh, chai ya Yunnan, China, inayoendelea kuiva kadiri inavyotunzwa, ilianza kunuka uvundo mvua ziliposhika. Kopo la bati lilifungia unyevu ndani. Kwenye friji ikavuta shombo ya samaki, na ikitolewa inatoa jasho.

Kilichosaidia: niliianika kivulini, ndani ya karatasi yake, siku za jua. Kisha nikaitia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, pamoja na pakiti ya kudhibiti unyevu, inayoshikilia unyevu wa hewa ndani kwenye asilimia 62. Chupa nikaifungia alasiri, hewa ikiwa imekauka. Asubuhi hapa pwani hewa ni mbichi mno. Vipakiti vya silika, vile vya chembe za kunyonya unyevu, hapana, hukausha chai mpaka inaacha kuiva. Chupa ikae kabatini, gizani, mbali na jiko. Ikiota ukungu wenye manyoya, tupa.