Nimejikaza tangu asubuhi

Neno lenyewe ni moja tu, jikaze, na nililitamka kwa mapenzi. Leo siku ya tano bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Mnaopita hapa mara kwa mara mnamjua Anti Midoli. Ndiye yule niliyewasimulia nilipoanza kushonea wodi ya watoto, ambaye hatibu mtu, ila hukaa na mtoto kabla ya tiba, wakati wa tiba na baada ya tiba, halafu hukaa na wazazi pale daktari akishatoka na wao wamebaki wameduwaa. Jina hilo wamempa watoto. Cheo chake cha kwenye karatasi ni kirefu na sijasikia mtu akikitumia. Mimi humpelekea midoli Jumatatu na Alhamisi, ile ya kitambaa cheupe isiyo na sura, maana mtoto mwenyewe ndiye anayeichora uso, kisha anaichoma sindano, anaifunga bandeji, anaifanyia yote ambayo yeye atafanyiwa.

Jumatatu nilimkuta kwenye sinki la mwisho wa korido, anasugua mikono. Rangi ya bluu ilikuwa imeingia chini ya kucha, na kila akisugua inabaki palepale, kamstari kembamba kwenye kila kidole. Nikafurahi kuiona. Nikadhani wamekuwa na asubuhi njema.

"Leo mmechora nini?"

"Kiganja, dada."

Hakugeuka. Nikachelewa kuelewa. Aliwahi kunieleza kwamba mtoto akiwa anaondoka duniani, au akishaondoka, na familia ikiridhia, yeye hukipaka rangi kiganja chake na kukibandika kwenye karatasi, ili wazazi wabaki nacho. Nikatupa jicho wodini. Kitanda cha karibu na dirisha kilikuwa kimetandikwa upya, shuka limevutwa hadi halina hata kunyanzi moja.

Nikamshika bega. "Jikaze, mdogo wangu."

Akafunga bomba. "Nimejikaza tangu asubuhi, dada."

Hakusema kwa hasira, na afadhali angesema kwa hasira. Akajifuta mikono, akaniuliza nimeleta midoli mingapi, nikamwambia sita, akashukuru, akaenda kitanda cha nne ambako kuna mtoto alikuwa akisubiri kubadilishiwa bandeji. Nilimsikia akimsalimia kwa ile sauti yake ya siku zote.

Basi, ni hayo tu. Wiki hii mdogo wangu wa kiume ameoa, na Baba Watoto amepata ile barua ya uhamisho tuliyoisubiri miaka miwili, lakini nikilaza kichwa ninachosikia ni bomba likifungwa.

Kinachonichoma ni kwamba yeye ndiye aliyenikataza neno hilo. Siku zangu za mwanzo pale wodini nilimwambia mvulana mmoja aliyekuwa anatolewa damu, "Jikaze, haiumi." Anti alisubiri mpaka yakaisha, akanivuta pembeni. Usimwambie haiumi, alisema, kwa sababu itauma, na safari nyingine hatakuamini wewe wala daktari. Wala usimkataze kulia. Mwambie kulia ni ruksa, ila ana kazi moja: mkono utulie.

Tangu hapo nimejifunza mengi kwa kumtazama tu. Hamlazi mtoto chali akashikwa na watu wanne. Humkalisha mapajani kwa mama, kifua kwa kifua, mama amemkumbatia, na ule mkono wa sindano umetolewa pembeni. Kama nafasi ipo, krimu ya ganzi inapakwa mapema, kama saa moja kabla, inafunikwa. Kisha anampa mtoto la kuamua, lakini la kweli. Hamuulizi, "Tukuchome?" kwa sababu akisema hapana atachomwa tu, na hapo umemdanganya. Anamuuliza mkono upi, anataka kutazama au hataki, atapuliza mapovu ya sabuni au atahesabu. Na chumba kizima sauti inayosikika ni moja, yake au ya mama, si watu watano wakimpigia kelele ya "pole" na "usiogope" kwa wakati mmoja.

Alinisimulia pia yalikotoka haya. Miaka ya 1950 hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache sana, nyingine kwa siku maalumu tu za wiki. Mtoto akiachwa alilia siku ya kwanza, akalia ya pili, kisha akanyamaza, na watu wazima wakasema amezoea. Alikuwepo mtu mmoja huko London, James Robertson, aliyekaa wodini akiwatazama watoto hao, akaona kwamba yule aliyenyamaza hajazoea kitu. Amekata tamaa. Mwaka 1952 akaonyesha filamu aliyoipiga ya mtoto wa miaka miwili akiwa wodini, madaktari wengi wakamkasirikia. Mwaka 1959 ikatoka ripoti ya kamati ya serikali, ile ya Platt, ikitaka wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao saa yoyote ifaayo. Na Marekani, mwaka 1955, mwalimu mmoja mzaliwa wa Vienna, Emma Plank, aliitwa hospitali ya jiji la Cleveland aanzishe kazi ambayo leo Anti anaifanya.

Nilipokuwa nikisikiliza habari ile nilikuwa mwepesi wa kuwashangaa wale wa zamani. Inawezekanaje mtu amwone mtoto kanyamaza, aseme ametulia? Na mimi Jumatatu nimemwona mtu mkavu wa macho anasugua rangi, nikamwambia azidi kukauka.

Nimejaribu kukumbuka kama kuna siku nimewahi kumpelekea yeye kitu. Sikumbuki. Kila nilichobeba kuingia wodi ile kilikuwa cha watoto. Sisi tunaopenda kusaidia ndivyo tulivyo, tunakimbilia midoli na vitabu vya kupaka rangi, na ni vizuri, vinahitajika. Lakini yeye yuko peke yake wodini. Wauguzi hupokezana zamu, madaktari hupita na kuondoka, yeye akitoka kwa familia inayolia hatua kumi mbele kuna mtoto anayemsubiri acheke. Hakuna wa kumwambia, "Niachie hapa dakika ishirini, nenda kakae." Na akija mtu anayempenda, anamwambia jikaze.

Alhamisi nilikwenda nimeshapanga maneno ya kuomba radhi. Nilikuwa nimeyasema mbele ya cherehani mpaka yakawa hayana ladha. Sikupata hata nafasi ya kuyaanza, maana nilipoingia alikuwa na msichana mdogo, wa kama miaka sita, ambaye mchana alikuwa anawekewa kanula, ule mrija mwembamba wa kwenye mshipa. Msichana amempa mdoli wangu mdomo mkubwa mwekundu, toka sikio hadi sikio, na hakuna kingine.

Anti akamuuliza, "Mbona hana macho?"

"Hataki kuona sindano."

"Sawa. Si lazima aone. Tukimaliza tutamuuliza tena."

Wakaendelea. Mdoli akafungwa kamba ya mkononi, akasafishwa kwa pamba, akachomwa kwa sirinji isiyo na sindano, akabandikwa plasta. Mchana ukafika, na msichana naye akawekewa kanula mapajani kwa mama yake, uso ameuzika shingoni kwa mama, analia kwa sauti yake yote, mkono umetulia tuli. Nilikuwa nimesimama mlangoni na moyo unanidunda kama ni mimi ninayechomwa. Yalipoisha akapumzika kidogo, akajipangusa pua, akanyoosha mkono ule mzima.

"Nipe kalamu. Sasa anataka macho."

Akamchorea makubwa, yenye kope sita kila moja. Anti akanitazama akacheka, kicheko cha kweli, na mimi nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, na hakuna aliyenikataza.

Baadaye chumba cha michezo kilipopungua watu nilivuta vile viti viwili vidogo vya watoto. Radhi nikaiacha. Nilimuuliza tu, "Yule wa dirishani, alikuwa mtoto wa namna gani?"

Akakaa kimya kidogo, halafu akaanza. Alikuwa anaiba zamu kwenye mchezo wa karata, na hawezi kuficha, anacheka kabla hajashikwa. Alikuwa na dada mkubwa aliyekuja kila jioni. Ndiye aliyechagua rangi ya bluu. Mengine si yangu kuyaandika hapa. Alizungumza muda mrefu, akalia kidogo, akazungumza tena. Mimi sikumwambia kitu chochote. Mtoto alipokuja kudai gari lake nililitafuta mimi, na yeye akatoka nje akakaa kwenye ngazi, peke yake, mpaka alipotaka kurudi mwenyewe.

Nimemwomba mkuu wa wodi aniruhusu kila Alhamisi nishike chumba cha michezo nusu saa. Amekubali, mradi sista mmoja awe karibu. Midoli nayo nitaishona upya begani, uzi mara mbili, kwa sababu Anti anasema mikono inachomoka wakiibana sana.

Jambo jingine. Nilipompigia Mama jana kumwambia habari ya uhamisho alifurahi mno, akauliza tunahama lini. Nikamjibu. Tukazungumza ya harusi, akauliza tunahama lini. Nikamjibu. Tulipokuwa tunaagana akaniuliza, kwa furaha ileile, kama barua ya Baba Watoto imeshatoka. Nimemwambia dada yangu ampigie leo jioni, asimwambie kitu, amsikilize tu.