Ongwen alikuwa anaenda shule tu

Jana nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu natafutia kijana wangu viatu vya shule, mama anayeuza ni Mwacholi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, Kiluo chetu na Kiacholi chake tunasikizana poa, stori ikaingia kwa Dominic Ongwen. Mnamkumbuka? Waasi wa LRA, lile kundi la Joseph Kony huko Uganda, walimteka akienda shule, mtoto wa miaka kama 9 hivi, wakamfunza kuua, akapanda cheo mpaka akawa kamanda. 2021 korti ya kimataifa ya ICC ikampiga miaka 25 jela, na kati ya makosa 61 kuna la kuingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Yaani kile alichofanyiwa! Majaji walimpunguzia kwa sababu ya huo utoto, mimi naona ni sawa ingawa mama aliguna tu akaendelea kupanga viatu.

Sheria ziko, Kenya iliweka sahihi ile itifaki ya UN ya 2000 kuhusu watoto vitani. Lakini karatasi haisimami njiani asubuhi watoto wakienda shule. Viatu nilichukua, saizi 3, na leo nimemsindikiza hadi geti, akaniuliza kwani kuna nini.