Jumamosi sita: filamu tatu, albamu moja na nusu

Mpango ulikuwa Jumamosi 12, kila moja na filamu moja ya zamani na albamu moja ya watu waliothubutu, ichezwe yote bila kurukaruka. Nimefika ya sita na hesabu imenipiga chenga. Seven Samurai peke yake imekula Jumamosi mbili, umeme umekula nusu ya nyingine, na albamu nimezisukuma pembeni kama mtoto anavyosukuma mchicha.

Vifaa ni shuka jeupe ukutani, projekta ya kuazima na spika moja inayokoroma. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo natafsiri mwenyewe kwa sauti kama DJ wa kibanda umiza, ila sina vituko vyake. Watazamaji ni mama, mpwa wangu wa darasa la sita, na mzee jirani, Mnyamwezi wa Nzega aliyekuja Kigoma na kazi ya reli akabaki hapa Mwanga.

Wiki ya 1. Nilianza na The African Queen (1951) kwa ubinafsi wa mtu wa Kigoma. Hadithi imechotwa kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia katika ziwa letu, Tanganyika, na meli ya Kijerumani iliyoizaa, Graf von Götzen, ndiyo Liemba yetu. Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakigombana ndani ya kiboti cha mvuke bado ni raha, sibishi. Bogart alipata Oscar yake pekee kwa kazi hiyo. Lakini Waafrika! Tunawaona mwanzoni wakiimba kanisani ovyo ovyo, kijiji kinachomwa moto, wanaswagwa na askari, basi. Mpwa aliniuliza mara tatu wale watu walipelekwa wapi. Nikaendelea kutafsiri.

Mzee alikerwa na mwisho, ambapo meli inalipuliwa. Ile ya kweli Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakaipaka mitambo grisi nzito kwanza ili isiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. "Hiyo ya grisi mbona hawakuiweka?" aliuliza, na mpaka leo sijaona kasoro kubwa kuliko hiyo.

Wiki ya 2. Bitches Brew, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, 1970. Wapiga ngoma zaidi ya mmoja, besi mbili, piano za umeme zinazoongea kwa mpigo kama wanawake sokoni Kibirizi asubuhi dagaa zikishushwa. Mtayarishaji Teo Macero alikata kanda vipande vipande akaziunga upya, na kwenye wimbo wa kwanza, wa dakika 20, viungo hivyo vinanichosha: kila nikizoea njia, inageuzwa. Mama aliondoka kwenda kuangalia maharage na hakurudi. Mzee, ambaye kila muziki anaupima kwa bendi ya Tabora Jazz, alivumilia, kisha akasema, "Hawa wameanza sebene kabla ya kuimba."

Sijasoma uchambuzi ulionisaidia kuliko huo. Sisi tumelelewa na redio za Kongo, ng'ambo ya ziwa: mwimbaji anakusimulia shida zake kwanza, gitaa zinafunguka baadaye, na wewe umeshajua unachezea nini. Hapa hakuna aliyekusimulia kitu. Unaingia ngoma ikiwa imekolea. Nilivyousikiliza hivyo ule wa pili, wa dakika 27, tarumbeta inayojirudia kwa mwangwi kama mtu anaita akiwa kwenye mtumbwi, nilikaa kimya. Diski ya kwanza ikaisha, umeme ukakatika, na kusema kweli hakuna aliyelalamika. Diski ya pili ni deni.

Wiki ya 3. Ladri di biciclette (Wezi wa Baiskeli), filamu ya Vittorio De Sica, 1948. Kama ningeruhusiwa kubaki na moja tu, ni hii. Baba wa Roma amepata kibarua cha kubandika mabango, sharti awe na baiskeli. Yake iko rehani, kwa hiyo mke anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani badala yake ili ikombolewe. Hapo mama, aliyekuwa anachambua mchele, aliweka ungo chini. Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibwa. Mwigizaji mkuu, Lamberto Maggiorani, alikuwa fundi wa kiwandani, na inaonekana: anatembea kama mtu mwenye miguu inayouma, hatembei kwa ajili ya kamera. Katika mji ambao baiskeli inabeba mawese, mkaa na wagonjwa, sikuhitaji kutafsiri sana. Mwisho siusimulii. Mpwa hakuuliza kitu, alimsogelea bibi yake tu.

Wiki ya 4 na ya 5. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, 1954, dakika 207. Wakulima wanaajiri wapiganaji dhidi ya majambazi, malipo ni wali, na wao wenyewe wanakula mtama. Mzee amekulia ukanda wa sungusungu, ulinzi wa wanakijiji wenyewe, kwa hiyo nilijua atakuwa na neno. "Sungusungu haikodishwi," alisema, na tukabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nasema Kurosawa anajua hilo, ndiyo maana anawapa wakulima mikuki ya mianzi. Yeye anasema wangewapa mapema, filamu ingekuwa fupi.

Wiki ya 6. A Love Supreme, albamu ya mpiga saksafoni John Coltrane, 1965. Dakika 33 hivi, sehemu nne. Kwenye ya mwisho Coltrane anapuliza maneno ya sala aliyoiandika mwenyewe, silabi kwa silabi, bila kuyatamka. Niliweka shairi mapajani nikafuata kwa kidole. Mwadhini wa Isha akaingia katikati, nikazima, nikasubiri, nikaanza sehemu hiyo upya. Sikuona karaha.

Jumamosi ijayo ni Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, 1973, kutoka Senegali, yenye pikipiki iliyofungwa pembe za ng'ombe. Inaanzia machinjioni na haifichi kitu. Mama nimemwambia aje akishamaliza kuosha vyombo.