Mashine ya kukereza ya Kijapani kwenye umeme wa LUKU: nilipofikia na mota

Kitanda cha mashine kimeshasafishwa, kutu imetoka yote, beringi za spindo nimeziacha zilezile maana hazina kelele. Wiki tatu hizi zote zimeishia kwenye mota.

Kwa ambaye hajui, mashine ni mtumba wa Japani, niliichukua Gerezani pale Dar nikaipandisha Morogoro, na imekuja na mota yake ya kuzaliwa, kilowati 1.5, poli 4 (yaani ncha nne za sumaku ndani). Kile kibao cha bati kilikuwa kimejaa grisi na rangi ya kijani, nikakifuta taratibu kwa kitambaa na mafuta ya taa nisije nikaondoa na maandishi, zikatokea safu tatu (hezi ni mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde): volti 200 hezi 50, volti 200 hezi 60, volti 220 hezi 60, na chini yake ampea 6.8, 6.4 na 6.0. Njia tatu hiyo, yaani inalishwa na waya tatu za moto (fezi tatu). Mimi nyumbani nina njia moja, volti 230 hezi 50 basi.

Safu tatu zina sababu yake. Miaka ya 1890 Tokyo walinunua jenereta za AEG toka Ujerumani za hezi 50, Osaka wakachukua za General Electric toka Marekani za hezi 60, na mpaka leo nchi imegawanyika hivyohivyo, mto Fuji ndo kama mpaka, mashariki 50 magharibi 60. Kwa hiyo mota zao nyingi zinatengenezwa zikubali kotekote, na kwetu hiyo ni neema kabisa kwa sababu 50 yetu tayari imeandikwa pale.

Kasheshe ni volti. Fundi mmoja wakati napakia aliniambia 200 na 230 ni mapacha, chomeka tu. Hapana jamani. Nguvu ya sumaku ndani ya chuma cha mota inaenda na volti ukigawa kwa hezi. 200 kwa 50 unapata 4. 230 kwa 50 unapata 4.6, hiyo ni asilimia 15 juu, chuma kinashiba, na kikishashiba koili zinavuta ampea nyingi za bure hata kama hukati kitu, mota inachemka imekaa tu. Na haifi siku hiyohiyo, inakula varnishi ya waya kidogokidogo mpaka siku unasikia harufu.

Naisemea kwa uchungu hii kwa sababu mashine ya kusaga ya mama mdogo kijijini ilikufa kwa kibao kutosomwa. Kilisema 230 delta, 400 sta, hizo ni namna mbili za kuunga koili za mota. Umeme wa njia tatu pale ni 400, kwa hiyo ilitakiwa sta, vile vibati vitatu vya shaba kwenye boksi vilale mstari mmoja upande mmoja. Aliyefunga akaviweka vimesimama, delta, kila koili ikapata 400 badala ya 230. Haikumaliza debe moja la mahindi, na gharama ya kusuka upya akailipa mama mdogo.

Yangu haina hata hiyo nafasi ya kubadili, waya zilizotoka ni tatu tu, U V W, kwa hiyo 400 nimeifuta kabisa kichwani. Njia ya kapasita, yaani kuidanganya mota ya njia tatu izunguke kwa njia moja, niliifikiria, karibu mikrofaradi 70 kwa kila kilowati, ila mota inapoteza kama theluthi ya nguvu na bado ile 230 unaiacha palepale, kwa hiyo nimenunua invata, kifaa cha kugeuza umeme wa njia moja kuwa wa njia tatu na kupanga hezi zake, ya kilowati 2.2, inaingia njia moja 220 inatoka njia tatu 220. Angalieni hapo kwenye kununua, zipo zinazofanana nje ila zinataka 380.

Sasa raha ipo kwenye seti. Invata yangu haina sehemu ya kuchagua volti ya mota, inatoa mpaka volti inayoingia basi. Nilikaa na kalamu jioni nzima. Nikiiambia hezi ya msingi (ile ambayo inafikia volti yake ya juu) ni 50, itatoa 230 kwenye 50, tumerudi kulekule. Nikiiambia ni 60, inatoa 230 kwenye 60, na nikishusha mpaka 50 inatoa kama 192. Rudi kwenye kibao: 220 kwa 60, 200 kwa 50. Zote mbili ziko jirani! Yaani ile safu ya Osaka ndo imeniokoa Morogoro.

Kitu kingine, swichi ya mashine ya mbele na nyuma nimeitoa kwenye njia ya mota, nimeipeleka kwenye vituo vidogo vya amri vya invata, kwa sababu ukikata waya kati ya invata na mota wakati inazunguka unaweza kuua invata. Na mita yangu ya bei nafuu ilinipa namba ya ajabu kwenye U na V, nikazima haraka, kumbe umeme wa invata unakatwakatwa vipande na mita ya kawaida haiwezi kuusoma, sasa naamini kioo cha invata chenyewe. Arthi nimefunga moja kwa moja kwenye bodi.

Jumamosi nimeiwasha. Hezi 50, bila mzigo, kioo kikasoma ampea 3.6, nikaiacha dakika arobaini, nikaweka kiganja juu ya mota na kikakaa bila shida. Kwenye 60 nayo imetulia. Chini ya hezi 25 sitaikalisha muda mrefu, feni yake imefungwa kwenye shafti ileile, mota ikizubaa na feni inazubaa.

Taa ya mashine bado haiwaki, transfoma yake ilikuwa inalishwa volti 200 toka kwenye njia mbili za mota na huko sasa siwezi kuiunga, maana ni umeme wa invata uliokatwakatwa. Wiki ijayo natafuta ya 230 kwenda 24, halafu mkanda mpya, ule wa zamani umepasuka mgongoni.