Kifua Tu

Ilikuwa Machi 2018, joto la kabla ya masika. Nilikuwa na mwaka wa pili tu katika udaktari, nikishinda kliniki ya kisukari ya hospitali moja ya umma Mombasa na fomu za utafiti wangu wa kwanza mkononi. Mwenye kisukari huwa na hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limehimiza magonjwa haya mawili yatafutwe pamoja. Nilitaka kujua ni wangapi tunaowapima sukari kila mwezi huku ugonjwa wa mapafu ukitupita machoni.

Fomu ilikuwa na maswali manne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito.

Akaketi mbele yangu bi mkubwa mmoja wa Mji wa Kale, buibui limemgandama mgongoni.

"Una kikohozi, mama?"

"Sina, mwanangu."

Homa hana. Jasho la usiku? Akanitazama kwa huruma. "Mwezi huu nani halali na jasho?" Kukonda, alisema, alikonda tangu kisukari kimshike. Nikaandika "La" mara nne.

Kilichonikera ni sukari yake. Kliniki tatu mfululizo ilipanda, insulini ikiongezwa nayo haifui dafu. Nikamshuku halua. Kisha nikauliza kama joto halikuharibu dawa, na hapo akaniudhikia: chupa zake hukaa ndani ya mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga mbichi, pembeni pasipofika jua, kama alivyofundishwa na muuguzi. Kila asubuhi huumwagia mchanga maji kabla hajanywa chai.

Binti yake, aliyekuwa kimya mlangoni, akashindwa kuvumilia. "Daktari, mama yuwakohoa usiku kucha."

"Hicho si kikohozi," akasema mama. "Ni kifua tu."

Akafungua pindo la leso akanionyesha makohozi mazito, ya manjano. Kwake kikohozi ni kile kikavu cha watoto, cha kupita. Hiki amekuwa nacho tangu Maulidi. Neno lilikuwa ndani ya jina lenyewe la ugonjwa niliokuwa nautafuta, nami sikuliuliza.

Picha ya eksirei ilionyesha doa chini ya pafu la kulia. Mwenzangu alisema nimonia ya kawaida, na mimi nilikaribia kukubali, kwa sababu tumezoea kifua kikuu kukaa juu. Lakini kwa mwenye kisukari hushuka chini mara nyingi zaidi kuliko kwa wengine. Tukapeleka makohozi kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa saa mbili hivi. Alikuwa nacho.

Alianza dawa za miezi 6 siku ileile. Maambukizi ndiyo yaliyokuwa yakiipandisha sukari. Kifua kilipopoa, nayo ikaanza kuteremka. Nilimwomba radhi kwa ile halua.

Jioni ya siku ile ya majibu sikurudi nyumbani mapema. Lile swali la kikohozi nililitunga mezani, kutoka vitabuni, bila kumsomea hata mgonjwa mmoja, na kabatini mlikuwa na fomu nyingi zenye "La" kama yake. Nikazitoa zote, nikakaa kwenye benchi la korido penye mtandao, nikaanza kupiga simu moja moja.

"Shikamoo, mama. Ni daktari wa kliniki ya sukari. Samahani, nina swali moja: una kifua?"